Alama Chache Kwenye Chipu ya Kisima

Kompyuta haioni kitu. Nilikuwa nimeshaifanyia kazi muda mrefu, nikiifuta vumbi kila asubuhi na kuitukana kila jioni, kabla sijalijua hilo. Nilidhani ukichomeka kitu nyuma yake, kikaingia vizuri na taa ikawaka, basi yenyewe inakijua. Kumbe wapi. Umeme unapita, waya zimeshikana, na bado kompyuta imekaa pale haina habari kwamba ina mgeni mlangoni, mpaka mtu aiandikie: mgeni wako yuko mlango fulani, anasema hivi, usimharakishe. Siku niliyolielewa hilo nilicheka peke yangu ofisini. Na mimi miaka yote nilikuwa nikiiogopa mashine ile nikidhani ina akili kunishinda.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mradi wa maji, pale Garissa, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika kiangazi kilichofuata zile mvua kubwa zilizoukata mji tukawa kama watu wa kisiwani. Watu walikuwa bado wakisimulia mafuriko, na tayari mbuzi walikuwa wakianguka kwa kiu. Ndivyo kwetu kulivyo, hatupewi kitu kwa kiasi. Kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kupiga chapa barua na ripoti, lakini mimi ni mtu wa kuchokonoa, na kazi ya kuchapa barua za watu wengine huniwasha mikono.

Mama yangu ni wa watu wa mtoni, wakulima wa kingo za Tana. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ijara. Lugha zao hazikukutana, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowaozesha, na ndicho sisi watoto tulichokula nacho na kugombania nacho. Mama alikuwa akisema kwamba maswali yangu pekee yangetosha kuukausha mto, tusisubiri jua. Baba alikuwa akinijibu mpaka achoke, kisha ananituma sokoni nikaulizie huko.

Mwenzangu ofisini alikuwa fundi wa mradi, mtoto wa wafugaji wa Wajir aliyesomea umeme chuoni. Tulikuwa tukiitana walal, yaani ndugu, ingawa tuligombana kuliko ndugu wa tumbo moja. Yeye alikuwa mtu wa polepole. Kabla ya kufungua skrubu moja huizunguka mashine yote akiitazama, mikono nyuma, kama anataka kuinunua. Mimi nikisubiri nilikuwa nikikaribia kupasuka. Tena alikuwa akisema "chibu" badala ya chipu, na nilipomcheka alinijibu kwamba chibu yake inafanya kazi, na mimi chipu yangu iko wapi.

Mradi ulikuwa umeweka visanduku vya chuma kwenye baadhi ya visima virefu, vile vinavyochimbwa kwa mitambo na kuvutwa maji kwa injini ya dizeli. Kila kisanduku kilikuwa na uzi ulioshuka mpaka majini, na mchana na usiku kilipima maji yako chini kiasi gani, kikaandika ndani ya chipu ya kumbukumbu. Chipu ile ilikuwa nyembamba kama biskuti. Ndani yake hakuna kinachozunguka, kwa hiyo vumbi na joto, vilivyokuwa vimeua diski zetu moja baada ya nyingine, havikuiweza. Umeme ukikatika haisahau. Wallahi nilikuwa nikiishika kiganjani nikijiuliza maneno yanakaa wapi humo, maana hata ukiitikisa haisemi kitu.

Kimoja cha visima hivyo kilikuwa nje kidogo ya Griftu, na hapo ndipo alipokuwa akiishi shangazi yangu, dada wa baba. Tulikuwa tukimwita eddo, naye akituita eddo vilevile, ndivyo wanavyoitana watu wa upande wa baba. Alikuwa mjane, ana kundi dogo la mbuzi, na goti lake moja lilikuwa limekataa kazi tangu zamani. Wanawe walikuwa mbali na ngamia. Watu wengine kisima kikiyumba hufungasha na kuondoka; yeye kuondoka kulikuwa ni jambo la kuombea dua.

Katikati ya jilaal, kile kiangazi kikali, eddo alijikokota kwa mkokoteni wa punda mpaka kibanda cha taar, yaani redio ya kupiga simu, akatuita Garissa. Niliitwa nikakimbia. Sauti yake ilikuja na kupotea, lakini swali lake nililisikia vizuri. Wazee wa kamati ya kisima walikuwa wakiapa kwamba maji yapo, ni injini tu imechoka. Wengine walikuwa wakisema kisima kinakufa. Yeye hakutaka maneno ya kiapo. "Eddo, mbuzi wangu leo bado wana miguu," aliniambia. "Maji yakiisha nikiwa hapa, sitaweza kuwatoa. Niambie nikae au nihame, na uniambie mapema."

Nilimwambia subiri, nitakuambia. Nilisema kwa sababu jibu lilikuwa njiani: chipu ya kisima chake ilikuwa imechomolewa, ikafungwa kwa kitambaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kupewa dereva wa lori. Nilichosahau ni kwamba kopo lingefika na sisi hatuna cha kulisomea.

Mashine ya kusomea chipu, iliyokuja pamoja na visanduku, ilikuwa imeungua siku umeme wa mji ulipozinduka kwa hasira baada ya kulala. Kilichosalimika kilikuwa kadi moja ya ndani yake. Juu ya kadi hiyo kulikuwa na kontrola, kidude cheusi chenye miguu mingi ambacho kazi yake ni kusimama kati ya kompyuta na chipu: kompyuta inataka hiki, chipu inatoa kile, kontrola inawapatanisha. Mwenzangu aliizunguka kadi ile kwa macho asubuhi nzima, halafu akasema itaingia kwenye kompyuta ya ofisi. Ikaingia. Taa ikawaka. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kompyuta haioni.

Kompyuta yetu ilikuwa na mfumo endeshi wa bure, uliowekwa na mgeni mmoja wa kujitolea ambaye alikwisha rudi kwao. Ndani ya mfumo huo kulikuwa na draiva ya chipu za namna ile, yaani programu ijuayo kuongea nazo. Niliposoma maelezo yake nikafurahi mno, nikadhani kazi imekwisha. Halafu nikakuta sharti. Draiva ilijua chipu kwa ujumla, lakini haikuijua yetu, na haikuwa na njia ya kwenda kuchungulia. Ilitaka iandikiwe faili la sifa. Kontrola iko anwani gani. Njia ya kupitishia habari ina upana gani. Chipu ni ngapi. Ikimaliza kazi inapiga hodi kwa waya upi. Ikiandika, ipewe muda gani wa kupumua. Na mwisho kabisa, alama ya kila chumba iko sehemu gani, na ina maana gani.

Nilipenda kazi ile tangu mstari wa kwanza, sijui hata kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa ni kumweleza asiyeona. Ukikosea neno hakukasirikii wala hakuulizi ulimaanisha nini, anafanya vilevile ulivyosema. Nilikuwa nimezoea watu ambao nikisema nusu wanamalizia wenyewe. Hapa nilikuwa na msikilizaji asiyemalizia kitu.

Tulikuwa na karatasi za kiwanda, kopi ya kopi, nyingine zimepauka. Mwenzangu alifuata waya kwa ncha ya sindano, mimi nikaandika. Anwani ya kwanza tuliyoipa ilikuwa ya uongo. Mashine ikaganda, ikabidi tuizime kwa nguvu. Ya pili ikakubali. Kisha tukaipa waya wa hodi, kumbe waya huo tayari ulikuwa wa printa, na ripoti ya mhandisi wetu ikakwama katikati ya ukurasa. Mhandisi, mtu wa bara, mpole, aliyekuwa mkuu wa ofisi, akaja mlangoni akauliza kama ni lazima sayansi yetu ifanyike wakati wa ripoti zake. Tukahamisha waya. Muda wa kupumua tukauweka mfupi mno, herufi zikaja nusu nusu, nikamwambia mwenzangu kwamba hata chipu haipendi kuharakishwa, lazima ni jamaa yake. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Tukafika kwenye mstari wa mwisho, ule wa alama. Hapa karatasi ilitutupa. Ukurasa ulioeleza ulikuwa umetoka kwenye fotokopi ukiwa mweusi tititi. Tulichoweza kusoma ni kwamba chipu imegawanywa vyumba vingi, na pembeni ya kila chumba kuna nafasi ndogo ya alama. Vyumba vingine vina alama, vingine havina. Draiva ilitaka kuambiwa kipi ni kipi: vyenye alama vitumike na visivyo na alama viachwe, au kinyume chake. Neno moja tu la kuandika.

Tuliweka chipu ya kisima cha Griftu tukahesabu. Vyenye alama vilikuwa vichache mno, kidogo hapa, kidogo pale. Mwenzangu hakuona hata haja ya kufikiri. Alama ni ya mwenyewe, alisema. Ngamia mwenye alama ya moto shavuni ana ukoo, ana watu, akipotea atarudishwa. Mbuzi mwenye sikio lililokatwa anajulikana ni wa nani. Nani atapoteza moto wake kumtia alama mnyama mgonjwa anayekufa kesho? Vyumba vyenye alama ndivyo vinavyotumika.

Ningekuwa na la kumpinga ningempinga, maana kumpinga ilikuwa starehe yangu. Lakini nami nilikuwa na shamba la mama kichwani. Mama akiona boga zuri, kubwa, lisilo na doa, hulifunga kitambaa kwenye kikonyo ili mtu asilichume, hilo ni la mbegu. Boga bovu halifungwi kitambaa, hutupiwa ng'ombe. Kwa wafugaji alama ni heshima, kwa wakulima alama ni heshima. Watu wa pande mbili wakikubaliana, nikasema, basi limekwisha. Tukaandika: chenye alama ndicho kizuri.

Draiva ikatii. Ikaenda kwenye vile vyumba vichache, ikatuletea uchafu. Herufi zisizosomeka, namba zisizo na kichwa wala miguu, maji yaliyoko juu ya mawingu. Vyumba vingine vyote ikasema havifai, haivigusi. Tulisoma upya faili zima, tukarudia waya zote kwa sindano, tukarudi pale pale.

Mhandisi akapiga simu Nairobi kwa watu waliouza visanduku. Yule waliyempa simu alikuwa muuzaji, ndani ya kisanduku hakukujua, lakini alikuwa na jibu tayari. Kama draiva inasema vyumba karibu vyote ni vibovu, chipu imeoza na habari zake zimekwenda. Amri ya kufuta ipo, ifuteni yote mwanzo hadi mwisho, irudisheni kisimani ianze kuandika upya. Lori la Griftu lilikuwa likiondoka mwisho wa wiki. Mhandisi aliona ni maneno ya busara. Mimi nikahesabu siku kwa vidole. Ianze kuandika upya, mpaka lini? Eddo yuko pale anahesabu pumzi za mbuzi wake.

Mwenzangu akakataa kufuta. Hakupandisha sauti. Alisema vile vyumba vyenye alama tumeviangalia, havina kitu, sawa, hivyo hata tukifuta hakuna neno. Lakini visivyo na alama hatujavitazama. Ukimkuta mnyama njiani hana alama, alisema, husemi ni mbovu, na huruhusiwi kumchinja. Ni baadi, amepotea, ana mwenyewe ambaye hajatokea. Unamlisha, unamtangaza, unasubiri. Mhandisi alimweleza kwamba hii si mbuzi, hii ni silikoni. Mwenzangu akajibu kwa adabu kwamba anafahamu, lakini kufuta kitu ambacho hujui ni cha nani ni kufuta tu, kiwe na manyoya au kisiwe nayo.

Nilimkasirikia, na pia nilimshukuru, vyote kwa pamoja. Kumkasirikia kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kutupa, alikuwa na kukataa tu. Mhandisi alijishika kiuno, akatutazama, akasema tuna mpaka lori liondoke.

Siku ile jioni nilikuwa nikipanga kabati la vipuri kwa hasira, maana mimi nikikasirika hupanga vitu. Nikakuta pakiti ya chipu mpya, bado imezibwa kwa karatasi yake ya fedha tangu kiwandani. Nikajiuliza swali la kitoto: hii nayo, ambayo haijaandikwa kitu, ikoje ndani? Nikaipasua. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikaichomeka, nikaiambia draiva isome alama peke yake.

Ilikuwa na alama.

Chache, zimetawanyika, katika vyumba tofauti kabisa na vile vya chipu ya Griftu. Nikapasua nyingine. Nayo ina zake, mahali pengine tena. Nikamwita mwenzangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuja akikimbia. Nilimwonyesha karatasi ya fedha niliyoipasua kwa meno. Chipu hizi hazijawahi kumilikiwa na mtu, nikamwambia. Hazijafika kisimani, hazijashikwa na mkono. Nani aliyezitia alama kabla ya mwenyewe?

Alivuta kiti akakaa. Nilimwona akilizunguka swali kama alivyokuwa akizunguka mashine, na safari hii sikumharakisha. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba kama si mnunuzi, basi ni aliyetengeneza. Na aliyetengeneza hana sababu ya kutia alama vizuri, maana vizuri ndiyo kazi yake, ni vingi, angechoka. Angetia alama vilivyomshinda.

Tukatazamana. Kiwanda kilikuwa kimepima vyumba vyake vyote, kikakuta vingine vimezaliwa vibovu, kikaviandika kimoja kimoja ili atakayekuja asiweke kitu chake humo kikapotea. Halafu kikauza chipu hivyo hivyo, na aibu yake imeandikwa ndani. Mwenzangu alitikisa kichwa. Aliwaza soko la mifugo, najua, maana nami niliwaza huko huko, baba akiniambia mtazame ng'ombe upande ambao muuzaji amesimama akiuficha.

"Muuzaji gani huyu," alisema, "anayekuonyesha ubovu wa mali yake kabla hujauliza?"

Alikuwa ameshangaa kweli, na si kwa dharau. Nadhani hilo ndilo lililotupoteza tangu mwanzo, kwamba wote wawili tulikuwa tumeijua kila namna ya muuzaji isipokuwa huyo. Nikafungua faili la sifa, nikafuta neno moja, nikaandika kinyume chake. Chenye alama kiachwe.

Chipu ya Griftu ikafunguka. Namba zilishuka kwenye kioo kama maharage kutoka guniani, safi, zimepangana, kila moja na saa yake. Vyumba vyote vile visivyo na alama, ambavyo tungevifuta, vilikuwa vimejaa maji ya kisima cha eddo, mchana na usiku, tangu mvua zilipokatika. Nilipiga kelele nikamkumbuka mhandisi, nikanyamaza. Mwenzangu alisema alhamdulillahi, akaenda kunawa uso.

Furaha yetu ilidumu muda wa kuchora mstari kwenye karatasi ya miraba. Mchana injini ikivuta, maji yanashuka. Usiku injini ikilala, maji yanapanda. Hivyo ndivyo kisima kizima kinavyopumua. Lakini nilipounganisha asubuhi na asubuhi, kalamu ilikuwa ikiteremka. Kila siku maji yalipanda pungufu kidogo ya jana yake. Hayakuanguka ghafla hata mara moja, na ndiyo maana wazee waliweza kuapa. Mwenzangu alichukua rula, akaendeleza mstari mpaka ulipokutana na mdomo wa chini wa bomba. Hapo injini ingevuta hewa tupu. Haikuwa mbali.

Mpaka pale nilikuwa nikiona nafukuzia fumbo, tamu, la kwangu. Nililitaka jibu lile vibaya sana, na nilikuwa nimejisahaulisha kwamba jibu lenyewe lingekuwa la kumhamisha mtu kwake. Nilikaa na karatasi ile mapajani nikalia kidogo. Mwenzangu alijifanya anafunga skrubu.

Mhandisi aliutazama mstari mara moja tu. Akaamua injini ihamishiwe kisima kingine kabla hiki hakijakauka kabisa, na lori lililokuwa lipeleke chipu liende kuchukua injini hiyo. Akaniambia kwamba likirudi, nyuma kutakuwa na nafasi. Nilielewa. Nikaenda kibanda cha taar, nikamwagizia eddo aletwe, nikamsubiri upande wa pili wa redio. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi. Nilipomsikia yakanikimbia yote, nikamwambia tu, eddo, maji hayarudi. Akauliza kama mbuzi wakianza kutembea kesho watafika malisho ya wanawe wakiwa hai. Nikasema kwa siku hizi, ndiyo, na kwamba lori linakuja, lina nafasi nyuma. Akasema basi nimemwambia mapema, na akanitakia baraka.

Tulikwenda na lori, mimi, mwenzangu na mafundi wa injini. Barabara ya kwenda Wajir kisha Griftu nisiieleze, mgongo wangu unaikumbuka vya kutosha. Tulikuta watu wakifungasha. Mikeka ya nyumba ilikuwa imekunjwa juu ya ngamia, na mtoto wa kwanza wa eddo alikuwa amekuja kuchukua kundi. Mwenzangu alienda moja kwa moja kwenye kisanduku chake, akakifungua taratibu, akakifuta vumbi. Baadaye alikuja mpaka zizini kwa eddo akamsalimu, nabad, akamuuliza habari za goti na habari za mifugo, kama inavyotakiwa.

Zizini kulikuwa na mbuzi wengi bila kitu, na mbuzi wachache waliopakwa hina kwenye paji la uso, nyekundu bado mbichi. Mwenzangu aliwatazama, akasifu. Alimwambia eddo kwamba amechagua vizuri, hawa wenye hina bila shaka ndio mama wa kundi, na watalitangulia njiani.

Nilitazama vizuri. Mmoja alikuwa mzee, amelala ubavu. Mmoja alikuwa na mimba kubwa na miguu inatetemeka. Mwingine alikuwa mtoto asiye na mama. Nilishika mkono wa shati la mwenzangu, lakini alikuwa ameshaona. Alama ilikuwa ileile ya kiwandani.

Eddo alikuwa ameketi chini, goti lake limenyooshwa mbele, bakuli la hina pembeni. Alisema ametia alama ili mwanawe asihangaike kuwasukuma asubuhi. Wasio na kitu ni wa kutembea. Hawa hawatafika, usiwategemee, hawa ni wa lori.

Kisha akanitazama mimi, kwa maana alikuwa ananijua, alijua kuna swali linakuja. Nilitaka kumuuliza na yeye atasafiri vipi, kama ameamua kwenda na mwanawe au kuja kwetu Garissa, lakini alinitangulia. Eddo akainua mkono aliokuwa akipakia hina. Kiganja chote kilikuwa chekundu.

"Na mimi nimo," alisema.

Mwenzangu aliinama, akamshika mkono ule mwekundu, mimi nikamshika wa pili, tukampandisha lorini kwanza yeye, halafu mbuzi.